Zamu za Shangazi Mnarani

Katika kijitabu cha historia ya mnara wa taa wa kisiwani, ukurasa wa kumi na nne, imeandikwa kwamba mlinzi wa mwisho aliizungusha taa kwa mkono usiku kucha wakati wa dhoruba, akaiokoa meli yenye abiria zaidi ya mia mbili. Huo ni uongo. Ninajua ni uongo kwa sababu mlinzi huyo ni baba yangu, na ukurasa huo niliuandika mimi.

Aliyeizungusha taa ni shangazi yangu, dada yake baba. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana kuliko ya wanaume wengi wa mtaani kwetu. Akishuka ngazi yoyote, hata ile ya vipandio vitatu vya benki, hutangulia kwa ubavu na mkono mmoja ukutani. Tulikuwa tukimcheka. Mama alipofariki nilikuwa darasa la sita, na tangu siku hiyo shangazi ndiye aliyenipikia, akanifulia, akanifokea, akanisindikiza hadi lango la chuo na begi langu kichwani kwake kwa sababu hakuamini kwamba ningeweza kulibeba bila kulipoteza. Hakuwahi kuolewa. Nilidhani hakutaka.

Mnara wenyewe una miaka mia moja. Ulijengwa baada ya meli iliyobeba vigae kupasuka kwenye miamba ya kisiwa, na kwa miaka mingi watu waliokwenda pale walirudi na kigae kimoja mfukoni kama kumbukumbu. Mawe yake yalichongwa papo hapo kisiwani. Ndani una vipandio mia na kumi na nane, vinavyozunguka ukuta kama ganda la konokono, na juu kabisa kuna chumba cha taa, chenye kioo kikubwa kuliko mtu mzima. Taa ya mafuta ilikaa katikati, na kioo kikazunguka kuizingira. Kilichokizungusha ni pande la chuma lililoning'inia kwa mnyororo katikati ya mnara. Lilishuka polepole, na kadiri lilivyoshuka ndivyo kioo kilivyozunguka. Kila baada ya saa mbili na nusu mlinzi alipaswa kulipandisha tena kwa kuzungusha mpini. Akilala, pande linafika chini na kioo kinasimama.

Kioo kusimama ni balaa kubwa kuliko taa kuzimika. Kwenye ramani za manahodha, taa ya kisiwani ilitambulika kwa kumulika mara moja kila nusu dakika. Taa inayowaka tuli bila kumulika ilikuwa nyingine, ile ya mdomo wa bandari. Nahodha akiona mwanga tuli angesema, afadhali nimefika, angegeuza usukani, na angepanda juu ya miamba kwa moyo mweupe.

Zamani walinzi walikuwa watatu. Kisha ofisi ikapunguza wakawa wawili, kisha mmoja. Baba alipoajiriwa alikuwa huyo mmoja, kijana wa miaka ishirini na tisa, na ofisi ilimruhusu kuchukua ndugu mmoja wa kumpikia. Akamchukua mdogo wake. Shangazi alikuwa na miaka ishirini. Hakuwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Kwenye fomu ya boti aliandikwa pamoja na unga na mafuta: "Mpishi, mmoja."

Mwaka wa pili baba aliteleza kwenye vipandio akiwa amebeba debe la mafuta, akaporomoka vipandio kumi na vinne. Nyonga ikavunjika. Boti ilikuwa imeondoka siku nne zilizopita na ingerudi baada ya mwezi. Shangazi alimfunga kwa mbao za sanduku la vifaa, akamlaza, na jioni ilipofika akapanda mwenyewe kuwasha taa. Alikuwa amemwona kaka yake akiiwasha mara nyingi wakati akimpelekea chai. Boti ilipokaribia kurudi, nyonga ilikuwa imeshaunga, imeunga vibaya, na baba alikuwa anatembea kwa kujiburuta.

Kanuni ya ofisi ilikuwa fupi: mlinzi asiyeweza kupanda mpaka juu bila kupumzika anaondolewa. Nyumbani kulikuwa na wazazi wawili wazee wanaomtegemea. Ndugu hawa wawili walikaa wakatazamana, wakala njama.

Mkaguzi alikuja na boti kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mabaharia walimwita Glavu, kwa sababu alivaa glavu nyeupe na kupitisha kidole kwenye kioo kutafuta vumbi. Basi kila Jumapili ya kuamkia siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, baba alikaa kwenye kipandio cha kwanza akiupa mgongo mnara. Shangazi alikaa kipandio cha juu yake, akampitishia mikono makwapani, akavuta. Baba akasukuma kwa mguu mzima. Kimoja. Wanapumua. Cha pili. Hivyo hivyo mpaka mia na kumi na nane. Mara ya kwanza ilichukua saa nne. Baadaye walizoea wakawa wanatumia saa mbili, na baba njiani akimpigia hadithi za kuchekesha, mpaka siku moja shangazi akacheka akamwachia, wakarudi chini vipandio sita kwa makalio.

"Nilimwambia, kaka, ukinichekesha tena nakuacha hapa katikati, Glavu akukute umekaa kama kuku wa kutaga," shangazi aliniambia miaka mingi baadaye.

Jumatatu Glavu alipopanda, alimkuta baba ameshika kitambaa anasugua kioo. Akipiga hodi mwezi ujao, baba yuko juu. Mwezi mwingine, yuko juu. Akimwambia ashuke wanywe chai, baba anajibu, "Mzee, siwezi kuacha kioo nusu." Glavu akashuka peke yake, akanywa chai ya shangazi na kuandika ripoti. Nimezisoma ripoti hizo zote. "Mlinzi wa mfano. Hajawahi kukutwa nje ya kituo chake." Fundi wa mashine ya boti ndiye pekee aliyenusa kitu. Alikuwa akimwambia shangazi gatini, "Kaka yako ana asili ya ndege nini? Namwona juu tu, chini simwoni." Fundi huyo alimpenda shangazi. Alimngoja miaka miwili, akimletea sabuni na vitambaa, akimuuliza kila mwezi, "Lini?" Angejibu nini? Akiondoka yeye, nani anapanda? Mwaka wa tatu fundi akaoa kwingine.

Miaka mitano taa iliwashwa na shangazi. Daftari la zamu aliandika yeye pia, kwa sababu kanuni ilitaka liandikwe juu, kando ya taa. Na mwandiko haukumsumbua hata kidogo. Baba ndiye aliyemfundisha kuandika utotoni, akiushika mkono wake ndani ya mkono wake, na tangu hapo herufi zao zilifanana kama pacha. Alitia sahihi ya kaka yake kila alfajiri bila kufikiri mara mbili. Ndilo kosa walilofanya. Walidanganya vizuri mno.

Usiku wa dhoruba mnyororo ulikatika saa mbili, pande la chuma likatua chini kwa kishindo kilichotikisa sahani. Shangazi alikuwa juu. Aliushika ukingo wa kioo akaanza kukizungusha kwa mikono. Shida ikawa kipimo: angejuaje nusu dakika? Baba alijiburuta mpaka mguuni mwa mnara, akakaa na saa ya ukutani mapajani na spana mkononi, na kila nusu dakika akagonga bomba la chuma lililopanda mpaka juu. Akigonga, shangazi anakamilisha mzunguko. Ngo. Mzunguko. Ngo. Mzunguko. Kwa saa kumi. Ngozi ya viganja ilipochubuka alirarua foronya, akaifunga mikononi, akaendelea. Meli ilipita saa nne na nusu, ikaona mwanga unaomulika unavyopaswa kumulika, ikashika njia yake.

Miaka mitano ilipoisha, ofisi ilileta jenereta na mota ya kuzungushia kioo. Baba akahamishiwa ofisi ya bandari mjini, akakaa kwenye kiti, na huko ndiko alikosema nyonga imeharibika. Akaoa. Nikazaliwa mimi. Shangazi akaja kuishi nasi, na baba alipotaka kwenda popote, aliuweka mkono begani kwake na wakatoka pamoja.

Haya yote sikuyajua mpaka mwaka jana. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya historia, kichwa kimejaa moto. Ofisi ya bandari ilikuwa inaadhimisha miaka mia ya mnara, na taa ilikuwa inabadilishwa kuwa ya sola isiyohitaji jenereta. Wakanipa mkataba wa miezi sita niandike kijitabu. Nilikaa masijala, chumba kisicho na dirisha, pamoja na mama mmoja mtunza nyaraka tuliyemwita Mama Masijala, nikipekua madaftari yanayonuka mafuta ya taa. Nilipofika kwenye usiku wa dhoruba nilisisimka. Nikaandika ukurasa mzima jioni ile ile, nikaupeleka nyumbani, nikawasomea mezani nikiwa nimesimama kama mhubiri.

"'Hata mwandiko wa alfajiri hiyo,'" nilisoma, "'unapinda na kutetemeka, ushahidi wa uchovu wa mtu aliyesimama peke yake dhidi ya bahari.'"

Shangazi alikuwa anakusanya vyombo. "Haukutetemeka kwa uchovu," alisema. "Nilikuwa nimefunga foronya mkononi."

Nilicheka. Nilidhani ni utani. Kisha nikamwona baba. Alikuwa ameinamia sahani tupu, anaisoma kama gazeti.

"Baba?"

"Hayo mambo ya zamani," alisema.

"Ya zamani ndiyo kazi yangu, baba. Foronya gani?"

Shangazi aliviweka vyombo chini, akakaa, akanisimulia. Alisimulia bila kupandisha sauti, akisimama kila mara kumuuliza kaka yake, "Si ndivyo, kaka?" Na baba kila mara akajibu, "Ndivyo." Nataka hili lijulikane. Mezani petu, mbele yangu, alisema "ndivyo" mara nane au tisa.

Nikawaka. Nikasema nitauchana ukurasa, nitaandika upya, nitaweka jina la shangazi juu ya jalada. Baba akaninyanyulia kiganja.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Usiandike."

"Kwa nini?"

"Watu wakisoma kwanza, nitaonekana nimekamatwa. Wakisikia kwangu, nitaonekana nimeungama. Nimealikwa kuzungumza siku ya sherehe. Nitasema mimi mwenyewe, mbele ya Glavu, mbele ya wote."

"Utasema kweli?" shangazi aliuliza.

"Nakula yamini."

"Kaka, mimi sitaki yote. Wewe uligonga bomba. Bila wewe ningezungusha ovyo. Sema tu tulikuwa wawili. Nusu inanitosha."

"Nusu yako utaipata, dada. Miaka thelathini umeningoja, ngoja wiki nane."

Nikaamini. Mimi niliyekuwa nawaambia wenzangu chuoni kwamba kila kauli ya mwenye cheo idaiwe ushahidi, nilipewa ahadi ya mdomo nikaipokea kwa mikono miwili. Kwa kuwa ni baba. Kijitabu kikaenda kuchapwa kama kilivyokuwa.

Wiki zile nane shangazi alikuwa mtu mwingine. Alinunua kitambaa cha bluu akapeleka kwa fundi cherehani wa jirani, akarudi mara mbili kukipunguza kiunoni. Fundi alimtania, "Dada, unaolewa nini?" Akamjibu, "Naenda kutajwa." Fundi akanisimulia baadaye kwamba alirudia hilo mara tatu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya: naenda kutajwa. Usoni aling'aa. Alianza hata kuimba jikoni, na ana sauti mbaya sana.

Siku ya sherehe tulivuka kwa boti ya ofisi. Mahema mawili yalikuwa yamesimamishwa mbele ya mnara, viti vya plastiki, kipaza sauti kinachokwaruza. Shangazi alikaa mstari wa tatu, gauni la bluu, mikono imetulia mapajani. Mimi nilikuwa meza ya pembeni nikigawa vijitabu. Mkurugenzi alihutubia kwa muda mrefu kuhusu sola. Kisha Glavu, sasa kikongwe bila glavu, akasimama na fimbo.

"Miaka mitano," alisema, "sikuwahi kumkuta mtu huyu chini! Nilijaribu. Nilikuja asubuhi, nikaja mchana, hata siku moja nikamwambia nahodha azime injini tuje kimya kimya. Yuko juu! Nikamwambia mke wangu, yule si mlinzi, yule ni sehemu ya kioo."

Watu wakaangua kicheko. Hata shangazi alicheka, mkono mdomoni. Nilifurahi kumwona anacheka. Nilidhani tunacheka pamoja na ukweli unaokuja.

Baba akaitwa. Alishika ukingo wa meza, akasafisha koo. Baba anajua kuzungumza. Alieleza mafuta, upepo, chumvi inayokula kufuli. Watu walitulia kama wamemwagiwa maji. Akafika kwenye dhoruba. Akaeleza mnyororo. Akatulia, akamtazama shangazi. Nilimwona akimtazama. Shangazi aliketi wima zaidi, akaliweka sawa gauni lake magotini, kama mtu anayejiandaa kusimama akiitwa.

"Usiku ule," baba alisema, "nilikuwa peke yangu."

Nilidhani ataongeza kitu. Nilidhani ni namna ya kuanza, mbwembwe za mzungumzaji, kisha atageuza. Hakugeuza.

"Nilikishika kioo kwa mikono hii. Ngozi ilipobanduka nilirarua foronya, nikaifunga viganjani, nikaendelea. Saa kumi, ndugu zangu. Nikahesabu mwenyewe kila mzunguko."

Alimvua hata foronya. Ningeweza kuelewa hofu. Ningeweza kuelewa mtu aliyevishwa kilemba cha ukoka akaogopa kukivua mbele ya mkurugenzi, akanyamaza tu, akakaa. Lakini alichukua kila kitu, kidogo kidogo, hadi kitambaa kilichofunga vidonda vya mwenzake, na spana yake mwenyewe akaifuta, kwa sababu akiwepo mtu aliyegonga bomba chini lazima awepo mtu aliyezungusha juu.

Watu walisimama kumpigia makofi. Shangazi peke yake alibaki ameketi. Mikono yake ilikuwa mapajani, viganja vimetazama chini.

Na mimi? Kipaza sauti kilikuwa hatua sita kutoka mezani kwangu. Nilizipima kwa macho. Nilikuwa nimeandamana chuoni kwa ajili ya watu nisiowajua, nimelala rumande usiku mmoja kwa ajili ya wauza maji. Sikuchukua hata hatua moja kati ya zile sita. Mgeni mmoja akaniomba kijitabu, nikampa.

Mkurugenzi akatangaza kwamba wageni wataonyeshwa chumba cha taa. Akamwomba baba awaongoze. "Ah, mzee mwenzangu Glavu atanielewa," baba alisema, "vipandio hivi nimewaachia vijana." Wakacheka tena. Shangazi akanyanyuka, akaenda mlangoni mwa mnara. Kulikuwa na kijana wa ofisi ameshika orodha.

"Samahani, mama, wanaopanda ni walioandikwa hapa."

"Nataka kupanda tu. Sitagusa kitu."

"Mama ni nani kwa mlinzi?"

"Dada yake."

"Familia ni awamu ya pili, mama. Pumzika pale kivulini."

Akapumzika kivulini. Awamu ya pili haikuwepo. Maji yalianza kupwa, nahodha akapiga honi, tukaitwa gatini.

Bara tuliposhuka kwenye boti, baba aliunyoosha mkono kando bila kuangalia, kama alivyofanya maisha yangu yote, akingoja bega. Shangazi alikuwa hapo hapo, mkono ungemgusa. Alisogea. Baba akayumba, akashika hewa, na mimi nikaruka nikampa bega langu. Sikufikiri. Mzee anaanguka, unamdaka. Lakini shangazi aligeuka akatuona, baba na mimi, tumeshikana.

"Haya," alisema. "Umeshampata mwingine."

Akaondoka kwa miguu na gauni lake jipya. Hakurudi nyumbani usiku ule wala kesho yake. Siku ya tatu alimtuma fundi cherehani kuchukua nguo zake.

Nilimpata baada ya wiki mbili, chumba cha nyuma cha duka la dobi, upande wa pili wa mji. Alikuwa anapiga pasi mashati. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta, na dirisha dogo lililotazama uzio. Alinitengea kiti, akaendelea na shati lake.

"Baba anasema urudi."

"Amesema hivyo hivyo? Urudi?"

"Amesema nyumba imepooza."

"Nyumba haipoozi. Sufuria ndiyo imepoa."

Nilimwambia kwamba nimemgombeza baba, kwamba sisemi naye. Nilimwambia mengi. Nilizungumza kuhusu haki, kuhusu wanawake ambao historia imewafuta, nilipaza sauti mpaka dobi akachungulia. Shangazi alimaliza kola, akamaliza mkono mmoja, akalitundika shati.

"Kijitabu kile," alisema, "aliyeandika nani?"

Nikautazama uzio dirishani.

"Baba yako anajipenda. Namjua tangu utoto, niliyemwamini ni mjinga mimi. Lakini wewe ulijua. Wiki nane ulijua, na kalamu ulikuwa nayo."

"Aliniomba ningoje, shangazi. Na wewe ulikubali."

"Nilikubali asubiriwe aseme. Alipomaliza kusema, wewe ulikuwa wapi?"

Aliniuliza kwa sauti ile ile ya kuniuliza utotoni kama nimenawa.

Kesho yake nilikwenda masijala. Mama Masijala alinisikiliza akiwa amevua miwani.

"Nilihisi," alisema. "Mpishi gani anaagiza grisi na glavu za ngozi kwenye fomu ya boti? Sasa sikiliza, mwanangu. Toleo la pili linachapwa mwezi ujao. Mlinzi akitia sahihi maelezo mapya, nabadilisha ukurasa. Asipotia, siwezi."

Nilimpelekea baba karatasi. Alikuwa kitandani, hajanyoa, shati la juzi.

"Unataka nife na aibu?"

"Na shangazi afe na nini?"

"Nilimlisha miaka yote hii."

"Baba, yeye ndiye aliyekuwa anapika."

Aligeukia ukutani. Hakutia sahihi.

Nikarudi kwa shangazi na ile karatasi. Naona haya kuandika nilichomwambia, lakini nimekwisha kuficha vya kutosha. Nilimwambia atie yeye. Mwandiko ni ule ule, sahihi ni ile ile, hakuna atakayejua. Aliipasha pasi moto bila kunijibu. Nilipomwekea kalamu juu ya meza ya kupigia pasi, aliichukua, akanirudishia mfukoni mwa shati.

"Nimeandika kwa jina lake miaka mitano," alisema. "Ona nilichopata. Andika wewe, kwa jina lako. Andika kwamba ulijua."

Niliandika. Kurasa mbili, zikiwemo zile hatua sita. Mama Masijala alizisoma zote, akazigonga muhuri, akazitia kwenye faili la mnara, pamoja na madaftari. Toleo la pili lilitoka vile vile, na ukurasa wa kumi na nne haukubadilika hata nukta. Mkataba wangu haukuongezwa. Mkurugenzi alisema nimechafua sherehe, na alisema hivyo kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi.

Jioni ya siku toleo hilo lilipotoka nilikwenda kumweleza shangazi. Nilimwambia kurasa zangu zimeingia kwenye faili tu, hazitasomwa na mtu.

"Muhuri umegongwa?"

"Umegongwa."

Akatikisa kichwa kukubali, akakunja shuka la mteja, mimi nikishika pembe mbili na yeye mbili, mpaka tukakutana katikati.

"Nani anamwinua asubuhi?" aliuliza.

"Mimi."

"Unamwinuaje?"

"Namvuta mikono."

"Ndiyo maana anapiga kelele mpaka majirani wananisimulia." Alilichukua shuka mikononi mwangu. "Usimvute mikono. Mgeuzie ubavu wa kulia kwanza, mguu mbovu ushuke kitandani wenyewe, kisha umshike mkanda kwa nyuma. Atakutukana. Mwache atukane. Asubuhi ya baridi mkande kwanza kwa maji ya moto, la sivyo hasimami."

"Shangazi, si ungekuja hata mara moja kwa wiki?"

"Mimi sirudi," alisema. "Maji yasiwe ya moto sana."